Theluji ya Kirinyaga ikiisha, msitu nao utakufa?

Swali: "Habari Daktari. Ninaishi Kahawa Sukari lakini kwetu ni Naro Moru. Baba yangu ana miaka 82, na kila nikienda nyumbani ananionyesha Mlima Kenya, Kirinyaga yetu, na kuniambia kwamba alipokuwa kijana wa kuchunga, Kirinyaga ilikuwa nyeupe mpaka mabegani. Sasa yamebaki mawe meusi. Tena mtoto wa dada yangu, ambaye ni muuguzi huko British Columbia, Kanada, alinipigia simu juzi akasema mierezi ya huko imekufa kwa baridi kwa sababu theluji imepungua. Sikumwelewa. Theluji si ndiyo baridi yenyewe? Sasa nina wasiwasi. Theluji yetu ikiisha, msitu wa mlima utakufa kama ule wa Kanada? Na sisi wa Nairobi, mifereji itakauka? – Mama Njeri."

Mama Njeri, binti yako huyo (mtoto wa dada ni mtoto) hakukosea hata kidogo, na mzee naye hakutia chumvi. Ila habari hizo mbili hazifungamani kama unavyodhani. Acha nianze na ya Kanada, kwa kuwa ndiyo inayokutatiza, halafu tupande Kirinyaga, na mwisho nitafika jikoni kwako.

Theluji iliyoanguka leo ni hewa zaidi kuliko ilivyo maji. Ukijaza ndoo theluji hiyo, uiweke ndani iyeyuke, utapata maji ya kufunika kitako cha ndoo tu na kidogo juu yake. Sehemu nyingine yote ilikuwa hewa iliyonaswa kati ya chembe na chembe, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Bila shaka unakijua kile kikapu cha kuivishia githeri, kilichoshindiliwa vitambaa ndani. Sufuria ikichemka unaitoa motoni, unaizika kikapuni, unaenda zako kanisani, na ukirudi githeri imeiva. Kikapu hakina moto. Kazi yake ni kuzuia joto la sufuria lisitoroke.

Theluji inaufanyia udongo kazi hiyohiyo. Ardhi ya nchi za baridi huingia msimu wa baridi ikiwa bado na joto la kiangazi. Theluji ya kina cha sentimita 30 au 40 ikiwahi kuifunika, hewa ya juu inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri huku udongo wa chini ukibaki karibu na sifuri, haujaganda. Kuna panya wa msituni wanaoishi humo chini kwa miezi, wana njia zao na viota vyao, na juu huwezi kuona hata unyayo.

Sasa ondoa kikapu. Msimu wa baridi umekuwa wa vuguvugu, inanyesha mvua mahali pa theluji, au theluji inaanguka na kuyeyuka wiki hiyohiyo. Mti nao unadanganyika, unaanza kuamka. Halafu siku fulani ya Machi baridi kali inarudi kwa siku tatu nne, inaikuta ardhi uchi, na inashuka moja kwa moja hadi kwenye mizizi. Hicho ndicho kilichowapata mierezi ya binti yako. Ni mwerezi wa manjano, si huu wetu tunaouita mutarakwa. Ni ndugu wa mbali tu, japo mbao zote mbili zinanukia na hazioziozi. Huota kwenye pwani ya Alaska na British Columbia, mahali penye udongo uliolowa, na kwa kuwa udongo uliolowa hauna hewa, vimizizi vyake vya kunywea hukaa juujuu kabisa, karibu na uso wa ardhi. Mti unaoweza kuishi zaidi ya miaka 1,000 unauawa na baridi ya siku chache kwa kukosa blanketi. Upande wa Alaska peke yake, eneo lililoathirika linazidi hekta 200,000. Na kwa sababu mbao zake haziozi upesi, mizoga inabaki imesimama miongo mingi, myeupe kama mifupa. Ukipanda juu kidogo kwenye mlima huohuo, mahali ambapo theluji bado inakaa hadi majira ya kuchipua, unakuta mierezi ileile ikiwa ya kijani, haina habari.

Wapo waliotaka kulithibitisha jambo hili kwa mikono yao. Katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walichukua sepetu na kuondoa theluji kwenye vipande vya msitu katika wiki za mwanzo za msimu wa baridi. (Nimewahi kufikiria kuomba fedha za utafiti wa namna hiyo, za kulipwa kuzoa theluji. Sijui nani angenielewa.) Udongo uliganda, vimizizi vikafa kwa wingi, na naitrojeni ambayo miti ilipaswa kuila ikaoshwa na maji kuelekea mtoni. Jaribio jingine lililofuata baadaye humohumo liliupima mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na kuona ukuaji wake umeshuka kwa karibu asilimia 40 baada ya kuondolewa blanketi lake. Msitu ulikuwa umesimama vilevile, majani yapo, mpita njia asingegundua lolote. Njaa ilikuwa chini.

Blanketi ni nusu ya habari. Nusu ya pili utaielewa upesi kwa sababu unaishi Kahawa na unaujua mgao wa maji. Kule magharibi mwa Marekani mvua nyingi ya mwaka hunyesha wakati wa baridi, yaani wakati miti imelala na haihitaji maji. Theluji inayapokea maji hayo na kuyaweka mlimani, kama lile tangi jeusi juu ya paa lako, kisha inayaachia polepole kuanzia Aprili, miti inapoamka na jua kuanza kuwaka. Tangi hilo limepungua: theluji inayopimwa huko kila tarehe 1 Aprili imeshuka kwa kati ya asilimia 15 na 30 tangu katikati ya karne ya 20. Kinachobaki kinaachiwa mapema, hivyo msitu unajikuta umemaliza maji yake kabla kiangazi hakijafika katikati. Ni kama mtu akufungulie mfereji wa mgao saa nane za usiku ukiwa umelala. Maji yamekuja kweli, lakini wewe hukuyapata. Msitu mkavu huungua. Watafiti waliozipanga pamoja takwimu za moto na za theluji waliona kwamba tangu katikati ya miaka ya 1980 mioto mikubwa huko imeongezeka, na inaongezeka zaidi katika miaka ile theluji inapowahi kuyeyuka.

Nisikufanye uone theluji ni rafiki tupu. Ikikaa muda mrefu mno, miche iliyo chini yake hushikwa na kuvu na kuoza. Ikiwa nzito na imelowa maji, huvunja matawi. Ikiporomoka, hufagia mtaa mzima. Wakaazi wa Andermatt, kijiji cha milima ya Uswisi, waliandikiana hati mwaka 1397 ya kumkataza mtu yeyote kukata hata tawi katika msitu ulio juu ya kijiji, kwa sababu ndio uliozuia theluji isiwaangukie wakiwa wamelala. Miaka 600 na ushei iliyopita watu walishajua msitu na theluji vinashikana. Na yupo sungura wa Marekani Kaskazini anayebadilisha manyoya yake kuwa meupe kila msimu wa baridi kwa kufuata urefu wa mchana, si theluji yenyewe. Siku hizi mchana unamwambia awe mweupe, ardhi imebaki kahawia, na yeye anang'aa pale kama shati la sare ya shule juu ya kamba. Wanaomwinda hawahangaiki.

Haya, tupande kwetu.

Kirinyaga haina majira ya baridi. Ina usiku. Nimelala mara nyingi katika bonde la Teleki, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, na ukitoka hemani saa kumi na mbili alfajiri unasikia udongo ukivunjika chini ya kiatu kama biskuti. Ukiinama utaona sindano za barafu, nyembamba, ndefu kama kidole, zimesimama wima zimeinua punje za udongo vichwani. Saa nne asubuhi jaketi umeifunga kiunoni na sindano zote zimekuwa tope. Kesho tena. Msimu wa baridi na wa joto vinapita ndani ya saa 24, mara 365 kwa mwaka, na theluji ikianguka usiku huwa inaondoka kabla ya chakula cha mchana, isipokuwa kule juu kabisa.

Kwa hiyo mimea ya huko haikungojea theluji iifunike. Kila mmoja ulijishonea blanketi lake. Senesio kubwa, ile inayofanana na mgomba uliovalishwa koti la manyoya, haiangushi majani yake makavu. Inayavaa shinani miaka yote ili maji ya ndani yasigande, na usiku hukunja majani mabichi kuzunguka kichipukizi chake kama ngumi. Lobelia moja ya bondeni humo ina ujanja ambao mpaka leo naufurahia. Majani yake yamepangana kama bakuli na bakuli limejaa maji. Asubuhi maji yameshika kigamba cha barafu juu. Nilikibonyeza kwa kidole, kikavunjika kama kioo cha saa, na chini yake maji yalikuwa baridi lakini ni maji, na chini ya maji kichipukizi kizima. Kigamba kinakuwa kifuniko. Kilicho chini hakigandi. Mmea wa Kanada unasubiri blanketi kutoka mbinguni, huu wetu unalala na maji yake mwenyewe.

Na msitu je? Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Kutoka Naro Moru ukipanda unapita mierezi na podo, kisha mianzi, kisha ile miti mikubwa iliyopinda ya mumondo yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, na kwenye mita 3,300 hivi msitu unakoma. Barafu ya kudumu iliyobaki iko juu ya mita 4,500. Kati ya mumondo wa mwisho na barafu ya kwanza kuna zaidi ya kilomita moja ya kimo: nyasi, tope, mawe. Hakuna mzizi wa mti katika msitu wetu ambao umewahi kuishi kwa kufunikwa na theluji, kwa hiyo hakuna mti utakaokufa kwa kufunuliwa.

"Lakini maji ya theluji yanateremka mpaka msituni," utaniambia. Sawa, tuyapime. Mwaka 2016 barafu yote ya Mlima Kenya ukiikusanya ilikuwa na eneo la hekta 15 hivi, yaani mashamba machache ya chai ya Nyeri ukiyaunganisha. Tuseme unene wake wa wastani ni mita 20, nami hapo nimekuwa mkarimu. Ukiiyeyusha yote kwa siku moja unapata karibu mita za ujazo milioni 3. Msitu wa mlima una zaidi ya hekta 200,000. Ukiyamwaga maji hayo sawasawa juu ya msitu wote, yatafika kimo cha milimita moja na kidogo. Milimita moja, Mama Njeri, ni manyunyu ya kukufanya ufikirie kama uanue nguo au uziache. Na msitu huohuo, upande wa kusini mashariki unaoelekea Chuka na Embu, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Hesabu hiyo inajibu na habari ya mfereji wako. Nairobi ikitumia nusu milioni ya mita za ujazo kwa siku, barafu yote ya Kirinyaga ingetutosha siku tano hivi. Na hata hizo tano hatunazo, kwa sababu maji yetu hayatoki huko. Yanatoka milima ya Nyandarua: Ndakaini, bwawa la mita za ujazo milioni 70 juu ya mto Thika, pamoja na Sasumua na mengine madogo. Nyandarua haina hata kipande kimoja cha barafu. Kilele chake cha juu, Satima, ni mita 4,001 tu. Karibu kila kikombe cha chai unachopika Kahawa ni mvua na ukungu ulioshikwa na msitu wa Nyandarua. Mlima Kenya unakugusa kwenye stima zaidi kuliko kwenye maji, maana mito yake ya kusini inaingia Tana, na Tana ndiyo inayojaza Masinga na mabwawa yaliyo chini yake.

Mzee basi aliona nini? Aliona kweli. Halford Mackinder na wenzake walipofika kileleni Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito 18 ya barafu. Zaidi ya nusu imekwisha kabisa. Ule mkubwa, Lewis, ambao umepimwa kwa muda mrefu kuliko karibu barafu nyingine yoyote ya ukanda wa joto, ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, kisha ukakatika vipande viwili. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema barafu yote ya Afrika Mashariki ingekwisha kufikia miaka ya 2040, na Mlima Kenya ungetangulia kwa mwongo mmoja hivi. Mara kwa mara utaona picha kwenye simu, "theluji imerudi Mlima Kenya!" Hiyo ni theluji ya usiku wa jana, ipo bado, na inapendeza. Itaendelea kuanguka hata barafu ya kudumu ikishakwisha. Asubuhi za aina hiyo, zilipofuatana juma zima, ndizo zilizofanya mabega ya mlima yawe meupe machoni pa kijana wa kuchunga.

Kwa nini barafu imekwenda? Joto limo, bila shaka. Lakini kwenye milima yetu kuna sababu ya pili ambayo magazeti huiruka. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Barafu kuukuu ni ya kijivu na ina vumbi, inalimeza jua. Barafu isipopakwa theluji mpya mara kwa mara, inaliwa na jua hata kama hewa ni ya baridi. Kwa Kilimanjaro ushahidi wa jambo hili ni mwingi: tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya huku ilianza kukauka, mawingu ya kileleni yakapungua, na barafu ya Kibo, kilele chake, iliyokuwa kilomita za mraba 12 mwaka 1912, imeshuka chini ya 2. Barafu ile haikufa kwa joto peke yake. Kwa sehemu kubwa ilikufa kwa njaa, na chakula chake kilikuwa wingu.

Wingu hilohilo ndilo linalonyonyesha msitu. Kwa hiyo ukiniuliza uhusiano wa theluji na msitu katika milima yetu, nitakuambia theluji si mama wa msitu. Ni dada yake, wamezaliwa na wingu moja, na dada mkubwa ndiye aliyeanza kukonda. Tumezoea kusema dalili ya mvua ni mawingu. Pale juu, dalili ya mawingu ilikuwa ule weupe.

Nikuonyeshe wingu linavyomnyonyesha mtoto huyu wa pili. Kwenye njia yenu ya Naro Moru kuna kituo kinachoitwa Met Station, mita 3,050. Usiku mmoja wa Februari, kiangazi kikavu, nilipiga hema chini ya mumondo kwa sababu ya uvivu tu, ndipo palipokuwa karibu. Mwenzangu alipiga lake uwanjani, hatua kama 30 kutoka kwangu. Usiku kucha nilisikia matone juu ya hema, to, to, to, nikajua mvua imenyesha. Asubuhi hema langu lilikuwa limelowa na kikombe nilichokisahau nje kilikuwa na maji. Mwenzangu alitoka akiwa mkavu, na vumbi la uwanjani lilikuwa vumbi bado. Hakuna mvua iliyonyesha. Ukungu ulikuwa umepita usiku, na mumondo uliuchuja kwa majani yake na kwa zile ndevu za kijivu na ule utando laini wa kijani unaovaa matawi. Nikashika shungi moja la utando huo nikalikamua. Maji yalinichirizika mpaka ndani ya mkono wa jaketi.

Kata mti huo, au uuchome, na ukungu utapita vilevile usiku wa kesho, ila hakutakuwa na cha kuukamata.

Moto ndio ninaouogopa mimi, kuliko kuisha kwa barafu. Juu ya mumondo kuna ukanda wa vichaka vya erika, jani dogo kama sindano, lina mafuta, linawaka hata likiwa bichi. Kwa kawaida ukungu hulilowesha. Mwaka ukungu unapochelewa, kijinga kimoja cha mrina asali au kipande cha sigara cha mtalii kinatosha. Kilimanjaro imetuonyesha mwisho wake. Tangu 1976 moto umekula sehemu kubwa ya misitu ya erika ya mlima ule, na mpaka wa juu wa msitu umeteremka kwa mamia ya mita, wakati joto linaloongezeka lingetufanya tutazamie upande. Watafiti walioishi na msitu ule kwa miaka mingi wanasema maji ya ukungu yaliyopotea kwa kuungua kwa erika ni mengi kuliko yale yaliyotoka kwenye barafu. Oktoba 2020 ukawaka tena, na Oktoba 2022 vilevile. Kwetu, Machi 2012 moto ulitambaa juu ya Mlima Kenya siku nyingi. Ukanda ulioungua mara moja huchipua. Ukiungua kila miaka michache, unageuka nyasi, na nyasi hazikamui ukungu.

Mtu akikuambia tupande miti mingi ili theluji irudi, mwitikie kwa heshima na usimchangie. Miti haiwezi kuirudisha barafu; hilo limekwisha kuamuliwa na hewa ya dunia nzima. Panda miti kwa ajili ya ukungu na chemchemi, na upande ya kwao, si mikaratusi kwenye kijito. Ndege ya uchunguzi iliyozunguka Mlima Kenya mwaka 1999 ilihesabu maelfu ya mikafuri, ile muthaiti, iliyokatwa kwa siri upande wa kusini na mashariki. Hasara hiyo haikusababishwa na jua.

Mbegu za msitu zitajaribu kupanda juu kadiri joto linavyoongezeka, moto ukiziruhusu. Wanaobanwa ni akina lobelia, wapangaji wa ghorofa ya mwisho: wa chini wanapanda na juu yao kuna paa. Kwa sasa wanapata nafuu kidogo, kwa sababu barafu inapojivuta inaacha kiwanja. Mbele ya barafu ya Tyndall, jirani ya Lewis huko Mlima Kenya, kuna senesio ndogo ya mawe ambayo imekuwa ikiifuata barafu nyuma, mwaka hadi mwaka, kama kuku anavyofuata jembe.

Nimebakisha jambo moja, nalo linamhusu mzee. Mto Naro Moru ni mmoja wa mito michache yetu ambayo kijito chake cha juu kabisa kinatoka kwenye barafu, Lewis na Tyndall. Pale bondeni Teleki, mwezi wa Februari, maji ya barafu yanaonekana kweli na yatakosekana. Lakini mpaka mto ufike kijijini kwenu umeshapita msitu wote na kuongezewa chemchemi nyingi, na hizo ndizo zinazoubeba wakati wa kiangazi. Ukikauka chini, huwa ni kwa sababu pampu, mabomba na mifereji ya mashamba imeunywa kabla haujafika. Wanachama wa chama cha watumiaji maji wa mto huo wanazijua saa ambazo kila mtu amepangiwa kufungua, na wanajua pia ni nani anayefungua usiku.

Ukienda nyumbani Desemba, nifanyie kazi. Mwulize baba yako ni mwaka gani alianza kuvuka mto kwa miguu mwezi wa Februari bila kulowesha magoti. Kama hakumbuki tarakimu, mwulize ni nani alikuwa amezaliwa au ng'ombe gani alikuwa na ndama. Wazee huweka tarehe zao hapo. Halafu mwulize kama siku zile ukungu wa asubuhi ulikuwa unafika bomani, na ulikuwa unaondoka saa ngapi. Kipimo cha barafu ninacho, cha tangu 1934. Cha ukungu wa Naro Moru sina, naye ameutazama zaidi ya miaka 70.